Mgeni wa Siku Moja na Mgeni wa Jembe

Wahenga wetu hawakuliacha jambo la ugeni lijiendee bila ya kulitilia kanuni. Walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku hizi methali hii husemwa kwa mzaha, pale mwenye nyumba anapochoka kumkirimu jamaa aliyekaa akasahau kurudi kwao. Lakini anayeisikiliza vizuri atasikia ndani yake sheria nzima ya kuishi na watu. Siku mbili za mwanzo mgeni hutazama na kutazamwa, hula na kushukuru. Siku ya tatu anaingizwa shambani. Jembe analopewa ni heshima: maana yake amehesabiwa, mvua ikikosekana itamkosa na yeye, na mavuno yakija ana fungu lake. Asiyepewa jembe, hata akikaa mwaka mzima, atabaki kuwa mtu wa sebuleni.

Nayasema haya kwa sababu naona sisi watu wa visiwani na wa mwambao tumeikata methali hii vipande viwili. Siku ya kwanza tumeishika, tukaipamba, tukaitilia bei. Siku ya tatu tumeitupa. Miji yetu ya kale tunaikarabati na kuisimulia kwa ajili ya mgeni wa siku moja, na taratibu tumeanza nasi kuitazama kwa macho yake. Hilo ndilo ninalolipinga, na ili nilipinge sawasawa itanibidi nimchukue msomaji mbali na bahari, mpaka Mazimbu, Morogoro.

Tuanze lakini na mji tunaoujua. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mgeni anayeshuka asubuhi na kuondoka jioni hupitishwa njia ambayo kila papasi anaijua kwa moyo: Ngome Kongwe, Jumba la Maajabu, lililojengwa mwaka 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu, kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa na soko la watumwa, soko la Darajani, vichochoro vyenye milango ya nakshi, kisha Forodhani jua linapokuchwa. Katika saa sita au saba ameona karne kadhaa. Amepiga picha mlango, hakumjua aliyeuchonga wala anayeufunga usiku. Ameambiwa bei ya kila kitu alichokitaka, na hakuna aliyemwomba kitu kingine chochote isipokuwa pesa.

Sina ugomvi na mgeni huyo. Amekuja kwa adabu, analipa, na muda wake ni mfupi. Ugomvi wangu ni na sisi wenyewe. Maana matembezi hayo ya siku moja yanafundisha, na aliyefundika zaidi ni mwenyeji. Yanamfundisha kwamba historia ni mawe. Kwamba mawe yenye thamani ni yale yaliyo karibu na gati. Kwamba yaliyopita yamekwisha kabisa na kazi iliyobaki ni kuyapaka chokaa. Na kwamba palipokosa mlango wa kupigiwa picha hapakutokea jambo. Watoto wa skuli hupitishwa njia ileile, wakasimama mbele ya mawe yaleyale, wakarudi nyumbani wakiwa watalii wa mji waliozaliwa.

Nitatoa mfano mmoja wa kazi yangu. Mimi ni mfasiri niliyejifunza kazi kwa kusoma na kufuta, sikupita chuo. Miaka mingi nyuma watu fulani wenye biashara ya kutembeza wageni walinipa kijitabu chao nikitie Kiswahili, ili kiwafae pia wageni wa kutoka bara. Niliongeza sentensi mbili juu ya wachukuzi wa bandarini na juu ya kina mama waliochambua karafuu, kwa sababu bila ya hao majumba yale yasingejengwa. Kijitabu kilipochapwa, sentensi zile hazikuwemo. Nilijibiwa kwa upole kwamba mgeni hana nafasi ya mambo hayo. Jibu hilo lilikuwa la kweli kabisa, na kwa ukweli wake ndiyo maana linatisha: kipimo cha historia yetu kimekuwa nafasi aliyonayo mpita njia.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa kwamba utalii ndio unaowalisha maelfu ya vijana wa Unguja, na kwamba mshairi hawezi kuwapikia watoto wa watu wali wa mashairi. Nakubali neno kwa neno. Sitaki hata mgeni mmoja arudishwe gatini. Lakini kula kwa kazi ya kuuza ni jambo moja, na kujijua kwa kile unachokiuza ni jambo jingine. Mwuza samaki halazimiki kuamini kwamba bahari ni meza yake.

Wala tusidhani kwamba maradhi haya ni yetu peke yetu. Bandari kongwe za Ufaransa nazo zina matembezi yake ya siku moja, na utajiri wa baadhi yake unatuhusu sisi kwa damu. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa elfu moja kila mwaka, wapelekwe kwenye visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Huko magharibi, mji wa Nantes ndio uliotuma misafara mingi ya watumwa kuliko bandari nyingine yoyote ya Ufaransa. Kwa muda mrefu mgeni wa Nantes alionyeshwa nyumba nzuri za matajiri wa merikebu, akastaajabia vichwa vya mawe vilivyochongwa juu ya madirisha, akaondoka. Mwaka 2012 mji huo ulifungua kando ya mto wake kumbukumbu ya kukomeshwa kwa utumwa, na katika njia ya kuiendea vimepachikwa vipande 2,000 vya kioo. Vipande 1,710 kati yake vinataja misafara ya merikebu za watumwa, jina la merikebu na mwaka wake.

Ni kitendo cha kusifiwa, na mwambao wetu una la kujifunza humo. Lakini tazama kilichoandikwa: majina ya merikebu. Merikebu ziliandikishwa bandarini, zikakatiwa bima, zikalipiwa kodi. Waliofungwa ndani yake hawakuandikwa majina, na baada ya karne mbili hata mji unaotaka kutubu hauna jina la kuandika. Hii ndiyo hasara ya kuchelewa. Kilichoandikwa wakati wake kinaweza kuja kuwa kioo, na ambacho hakikuandikwa wakati wake hakuna fundi wa kukirudisha. Msomaji aliweke neno hili akilini, kwa maana Mazimbu tunakokwenda ni mahali ambapo bado hatujachelewa.

Kwa nini tuiache pwani? Kwa sababu bandari ni mdomo tu, na kinachoingia mdomoni huwa kimelimwa mahali. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita chini ya milima ya Uluguru. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, alipokuwa akienda kumtafuta Livingstone, alipita katika mji wa Simbamwene, uliojengwa na Kisabengo, kando ya mto Ngerengere, pale ilipo Morogoro ya leo. Alikuta mji wenye ngome ya mawe na minara, na malango ya mbao ngumu yaliyochongwa nakshi nyembamba za mtindo wa pwani. Naam, milango ya nakshi, kilomita mia mbili kutoka baharini! Aliporudi mwaka uliofuata, mafuriko yalikuwa yameuzoa ukuta wa mbele wa mji ule. Ilikuwa Aprili 1872, mwezi uleule ambao kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja. Bara na kisiwa vilipigwa kwa mkupuo mmoja. Ila cha kisiwa tunakikumbuka, na cha bara tunakiachia kitabu cha Mzungu.

Karibu karne moja baadaye, Morogoro hiyohiyo ilipata wageni wa namna nyingine. Chama cha ANC cha Afrika Kusini kilipigwa marufuku kwao mwaka 1960, na viongozi wake waliokimbilia nje walipokewa Tanganyika. Mkutano mkubwa wa chama hicho wa mwaka 1969, uliofungua milango kwa wanachama wasio Waafrika weusi na kuupanga upya mwendo wa mapambano, ulifanyika Morogoro, na mpaka leo unaitwa kwa jina la mji huo. Kisha likaja tarehe 16 Juni 1976, pale watoto wa Soweto walipoandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana wakapigwa risasi. Maelfu ya vijana wakavuka mipaka. Walikuwa watoto wa skuli wasio na skuli.

Tanzania ikawapa ardhi: shamba la mkonge lililoachwa, mahali paitwapo Mazimbu, kilomita chache kutoka katikati ya mji. Msomaji apime neno hilo, shamba la mkonge. Mkonge uliletwa na Wajerumani mwaka 1893, ukalimwa na manamba waliosombwa kutoka mikoa ya mbali, wakalala katika kambi, wakazikwa wengi wao pasipo alama. Ardhi iliyokuwa ya kumkamua Mwafrika kwa faida ya bei ya kamba katika soko la dunia, ndiyo iliyotolewa kuwa skuli ya watoto wa Kiafrika waliofukuzwa kwao. Mwaka 1978 skuli ikaanza katika majengo mabovu ya shamba lile. Tarehe 6 Aprili 1979 serikali ya makaburu ilimnyonga mjini Pretoria kijana Solomon Mahlangu, mwenye miaka 22, kwa mauaji ambayo yeye mwenyewe hakufyatua risasi yake. Na skuli ya Mazimbu ikapewa jina lake, Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, SOMAFCO. Oliver Tambo alikifungua rasmi mwaka 1985, kikiwa kimekwisha kuwa mji: madarasa, mabweni, kituo cha kulelea watoto kilichopewa jina la Charlotte Maxeke, hospitali, karakana za mbao, na shamba.

Shamba! Hapa ndipo methali yetu inaporudi ikiwa nzima. Waafrika Kusini hawakuja Mazimbu kuonyeshwa kitu. Walipewa jembe, tena jembe la chuma lenye mpini. Walilima mahindi na mboga, wakafuga ng'ombe, nguruwe na kuku, wakajenga bega kwa bega na mafundi na vibarua wa Kitanzania, kwa misaada iliyotoka nchi nyingi za Ulaya na kwingineko. Na mwenyeji aliyetoa jembe hilo hakuwa tajiri. Mwishoni mwa mwaka 1978 Tanzania iliingia vitani na Idi Amin. Miaka iliyofuata watu wetu walipanga foleni ya sukari, sabuni na khanga. Wanaokumbuka miaka hiyo wanajua kwamba aliyempa mgeni ardhi wakati huo hakutoa kilichozidi.

Na kuna jaribu lililo kubwa kuliko njaa. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikufa kwa ajali ya gari Dakawa, njia ya Dodoma kuja Morogoro, baada ya gari lake kugongana na gari lililoendeshwa na kijana mkimbizi wa Afrika Kusini. Nchi nzima ililia. Katika nchi nyingi hilo lingetosha kuwafungisha wageni virago usiku uleule. Hawakufukuzwa. Skuli iliendelea miaka minane mingine, mpaka ANC ilipoweza kurudi nyumbani na Mazimbu ikakabidhiwa kwa Tanzania tarehe 9 Julai 1992. Na aliyekabidhiwa ni nani? Ni Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka uleule wa ajali na kupewa jina la marehemu. Leo Kampasi ya Solomon Mahlangu imo ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Majina mawili ya vifo viwili yanakaa katika anwani moja, nayo imeelemewa na maana kuliko mlango wowote wa nakshi ninaoujua.

Siku moja niliyotembea Mazimbu hapakuwa na papasi wa kunishika mkono. Wanafunzi walipita na madaftari yao, wengine wakikimbilia daladala za kwenda mjini. Upande wa pili wa mji milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika wingu kichwani kama kawaida yake. Niliyaona makaburi ya Waafrika Kusini waliofia ugenini, wengine katika umri wa kuwa wanafunzi wa darasani. Niliyaona majengo yanayotumika: darasa bado ni darasa, bweni bado linaanikwa nguo. Mtu aliyezoea matembezi ya mji wa bandari angeuliza, kiko wapi cha kutazama? Nami nilijibiwa swali hilo na bibi mmoja aliyekuwa akiuza mboga kando ya njia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, na tulipozoeana kidogo nikamwuliza kama aliwajua wale wageni. Akasema: "Kuwajua? Walikuja hawajui kuomba hata maji. Walipoondoka, walituaga kwa methali." Akacheka, kisha akanyamaza kidogo, akaongeza: "Hakuna aliyewahi kuja kutuuliza, mwanangu. Huja kuangalia makaburi."

Neno lile lilinichoma kama mfasiri, kabla hata halijanichoma kama mtu. Maana hapa palikuwa na kisa kikubwa cha Kiswahili ambacho hakikuingia katika midomo yetu sisi tunaojiita walinzi wa lugha. Vijana waliotoka katika lugha za Kizulu, Kixhosa, Kisotho na Kitswana walikutana na Kiswahili cha sokoni Morogoro, cha Waluguru na Wazigua na Wahindi wenye maduka, si kile cha Unguja Mjini tunachokiweka katika kabati la kioo. Wakapatana bei nacho, wakachumbia nacho, wakazika nacho. Hakuna mwambao wa historia ya lugha yetu uliokuwa na mawimbi zaidi ya hayo katika miaka ile, na ulikuwa mbali na bahari.

Sitaki kupaka Mazimbu sukari, kwa maana kufanya hivyo kungekuwa kuitengenezea nayo kijitabu cha watalii. Ilikuwa jamii ya vijana walioumizwa, wenye hasira na upweke. Kulikuwa na ulevi, ugomvi na utovu wa nidhamu, na uongozi wa chama wenyewe uliyahangaikia mambo hayo. Uhusiano na majirani haukuwa wa amani kila siku. Na uhuru ulipofika, baadhi ya wanawake wa Kitanzania waliozaa na wageni waliondoka nao, na baadhi waliachwa na watoto wao, wakabaki na jina la kigeni na swali lisilo na wa kulijibu. Watoto hao ni watu wazima sasa. Lakini hata uchungu wao ni uchungu wa jamaa, wa waliolima shamba moja. Mgeni wa siku moja hamwachi mtu na uchungu wa namna hiyo. Hana muda wa kutosha hata wa kumkosea mtu.

Basi nauliza: imeandikwa wapi? Kitabu kikubwa juu ya SOMAFCO, cha Seán Morrow, Brown Maaba na Loyiso Pulumani, kilichotoka mwaka 2004, ni cha Kiingereza. Nyaraka za skuli ziliondoka na wenyewe, na zinahifadhiwa Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini. Sina lawama juu ya hilo; mgeni ana haki ya kubeba barua zake. Lakini mwenyeji kumbukumbu zake ziko wapi? Ziko vichwani mwa watu kama yule muuza mboga, madereva, wapishi, waashi, wakunga na mafundi seremala, ambao kila mwaka wanapungua. Tumerudi Nantes: merikebu imeandikwa, watu hawakuandikwa. Tofauti ni kwamba watu wetu hawa wangali hai, wanasema lugha yetu, na nauli ya kuwafikia ni ndogo kuliko gharama ya kukodi ukumbi wa tamasha.

Na wanaotuuliza wameanza kubisha hodi. Mwaka 2018 serikali ya Afrika Kusini ilitangaza kwamba Kiswahili kitaruhusiwa kufundishwa kwa hiari katika skuli zake. Rais Cyril Ramaphosa alifika Mazimbu katika ziara yake ya Tanzania ya Agosti 2019. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, na kila mwaka tunaisherehekea kwa ngoma na hotuba. Tarehe 9, siku mbili baadaye, ni kumbukumbu ya makabidhiano ya Mazimbu, na inapita kimya. Mwanafunzi wa Soweto atakayejifunza Kiswahili, akataka kusoma kwa lugha hiyo habari za babu yake aliyelishwa na kuzikwa Morogoro, tutampa nini? Tutampa shairi la jahazi lenye tanga jeupe?

Hapa nawaelekea washairi wenzangu, na sitawahurumia. Tumekuwa mapapasi wa maneno. Mlango, jahazi, karafuu, asumini, mwezi juu ya bahari: vitu hivi ni vyetu na ni vizuri, lakini tumevitembeza mpaka vimechoka. Mshairi chipukizi akitaka kuonekana mshairi wa pwani huokota hivyo vitano, akavipanga kwa vina na mizani, na wahariri tukampigia makofi. Wahenga wa utenzi walitunga juu ya vita, madeni, mauti, kisa cha mtu na jirani yake. Walikuwa na kazi ya kuhifadhi jambo lisipotee, na mizani waliitaka kwa sababu neno lenye mizani halisahauliki upesi. Utenzi ulikuwa ghala. Sisi tumeufanya dirisha la duka.

Nitaambiwa pia kwamba Mazimbu ni habari ya bara, na jarida la kisiwa lina yake ya kutosha. La hasha. Ukombozi wa kusini haukuwa wa bara peke yake. Nchi iliyobeba mzigo ule ilikuwa moja, na foleni za sukari tulipanga pande zote mbili za maji. Tena, Kiswahili tukishakiita cha dunia nzima, hatuwezi kukikatia mpaka pale maji ya chumvi yanapoishia.

Ninachokitaka si kikubwa. Siombi jumba la makumbusho wala kibao cha shaba. Vibao tunavyo, na wengi huvipita. Nataka watu kumi wanaojua kuandika Kiswahili kizuri waende Mazimbu na Dakawa, wakae zaidi ya siku mbili, wawasikilize wazee kwa majina yao na kwa ridhaa yao, waandike walichoambiwa kama kilivyosemwa, pamoja na machungu yake. Leo msafiri aondokaye Unguja kwa boti ya asubuhi huweza kupanda Dar es Salaam treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria wa Morogoro Juni 2024, na kabla ya magharibi akawa Mazimbu. Udhuru wa umbali umekwisha. Nataka atakayerudi na kisa akitungie utenzi, na mfasiri akitie Kizulu na Kixhosa ili wajukuu wa wageni wajue walikula kwa nani. Na nataka wahariri, na wa jarida hili wakiwemo, waseme kwamba kwa mwaka mmoja hawatapokea shairi la mlango wa nakshi ila liwe linamtaja aliyeuchonga.

Mji wa kale haupimwi kwa wingi wa wanaoutazama. Unapimwa kwa waliowahi kupewa jembe ndani yake, na kwa kama wenyewe wanakumbuka nani alilitoa. Kwa kipimo hicho Mazimbu, isiyo na gati wala ngome wala mlango, ni mji mkongwe kuliko umri wake, na sisi wenye gati na ngome na milango tuna hesabu ya kutoa. Siku ya tatu imekwisha kupambazuka. Aliye na kalamu na aishike kama mpini.